Sarafu ya fedha ya Napoli, 1648: ngao ya S.P.Q.N. na hakuna sura ya mfalme. Ni kitu gani hiki?

DadaWaForcella

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaojua sarafu za zamani za Italia.

Niko Napoli, namtunza bibi mmoja mjane ambaye macho yake hayamruhusu tena kusoma maandishi madogo. Marehemu mume wake alikuwa mkusanyaji wa sarafu, ameacha kabati lenye droo nyembamba kumi na kitu, kila droo imejaa. Signora ameniomba nimsomee moja moja ili aweke orodha kwa ajili ya wajukuu. Nyingi zina kikaratasi cha maelezo chini yake. Hii haina. Anachokumbuka ni kwamba mzee alikuwa akiitoa kila mwezi wa saba, anaiweka mezani wakati wa chakula, kisha anairudisha. Hakuwahi kumwambia kwa nini.

Ni ya fedha, nyembamba, si duara kamili, na ukingo wa upande mmoja umeliwa hadi kwenye herufi. Upande wa kwanza kuna ngao yenye taji, ndani yake herufi S.P.Q.N. Kuzunguka ngao nasoma HEN, halafu DE LOREN, halafu DVX, mengine yamepotea. Upande wa pili kuna mtu amevaa kofia ya kiaskofu, nusu mwili, na maneno REGE na PROTEGE NOS. Mwaka ni 1648, unasomeka kwa shida lakini unasomeka.

Ninavyojua mimi, mwaka huo Napoli ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania. Sasa mbona mfalme hayupo? Na huyo HEN ni nani?

Pia ina weusi kwenye vishimo vya herufi. Naweza kuisugua kwa magadi ndipo nipige picha nzuri? Natanguliza shukrani.

Mpitanjia

Dada, mimi naona wamekosea kuandika S.P.Q.R. ya Roma. Hizo ni za kuuzia watalii, zipo tele. Usijisumbue.

Sonara_Mstaafu

Dada wa Forcella, kwanza weka magadi chini. Usiisugue, usiioshe, usiifute hata kwa kitambaa laini. Nimefanya usonara karibu maisha yangu yote, na sarafu za Napoli nimezishika nyingi tangu nihamie Italia. Weusi huo ni ngozi ya fedha yenyewe, umeingia taratibu kwa miaka, na ndio unaomsaidia mtu anayejua kutofautisha kitu cha kweli na cha kuiga. Ukiusugua umefuta ushahidi, na haurudi.

Ndugu Mpitanjia, hapana, hawakukosea. N ni ya Napoli. Seneti na Watu wa Napoli. Waliiandika hivyo makusudi, na kwa kuiandika waliweka vichwa vyao rehani.

Kama ulivyoisoma ndivyo ilivyo, ulicho nacho mkononi ni grana 15 za Jamhuri ya Napoli, ile ya kwanza, ya 1647 na 1648. Hesabu ya pesa ya pale ilikuwa dukati 1 kwa karlini 10, na karlini 1 kwa grana 10, kwa hiyo hii ni karlini moja na nusu. Si pesa kubwa. Si kama ile piastra ya mfalme yenye uzito wa kuanguka mezani kwa kishindo. Lakini mimi ningeshika hii kabla ya nyingi zilizo kubwa mara tano yake, na nitakwambia sababu.

Jamhuri ile ilitangazwa tarehe 22 Oktoba 1647. Tarehe 6 Aprili 1648 Wahispania walikuwa wameshaurudisha mji. Sarafu ina mwaka 1648. Hesabu mwenyewe: tangu mwaka uingie hadi siku ile hazifiki siku mia. Ndani ya siku hizo kiwanda cha sarafu kilikuwa kinagonga fedha yenye jina la dola ambalo mfalme aliliita uasi, na mizinga ya ngome za mfalme ilikuwa inauelekea mji huohuo. Castel Nuovo na Sant'Elmo hazikuwahi kutoka mikononi mwa Wahispania. Tazama juu ukiwa hapo mtaani kwako Forcella, utaiona Sant'Elmo kilimani. Na kiwanda chenyewe kilikuwa jirani yako kabisa, pale kwenye kanisa la Sant'Agostino alla Zecca. Zecca ndiyo nyumba ya kugongea sarafu. Inawezekana unapita hapo ukienda sokoni.

HEN ni Henri wa Lorraine, Duka wa Guise (duka hapa ni cheo cha mtukufu, "duke" kwa Kiingereza), Mfaransa. DVX na yaliyofuata ni cheo chake: Duka wa Jamhuri ya Napoli. Huyu bwana ana historia ndefu, akiwa na miaka 15 alishafanywa askofu mkuu wa Reims kwa sababu ya ukoo tu, akaja kuuacha uaskofu, akaoa, na mwaka 1647 alikuwa Roma anahangaikia Papa amvunjie ndoa ili aoe mwingine. Habari za uasi wa Napoli zikamkuta hapo. Akakumbuka kwamba ukoo wake una damu ya René wa Anjou, aliyekuwa mfalme wa Napoli hadi alipofukuzwa mwaka 1442. Akapanda mashua ndogo, akapenya katikati ya meli za Wahispania zilizokuwa zimeufunga mji, akashuka Napoli tarehe 15 Novemba. Watu walimpokea kwa shangwe kubwa, walidhani Ufaransa nzima inakuja nyuma yake.

Haikuja. Meli za Ufaransa zilitokea mwezi wa Desemba, zikaonekana, zikaondoka. Kardinali Mazarin, aliyekuwa anaiendesha serikali ya Ufaransa, hakumwamini Guise hata kidogo.

Sasa irudie sarafu yako na uitazame kwa jicho hilo. Katikati, ndani ya ngao, ni watu: S.P.Q.N. Pembeni, kwenye duara, ni mtu mmoja na jina la ukoo wake. Juu kuna taji, ingawa hakuna mfalme. Wao wenyewe waliiita jamhuri yao ya kifalme, hayo ndiyo maneno yao, Real Repubblica. Hawakuwa wameamua wanataka nini, na fundi aliyechonga muhuri aliyaweka yote mawili kwenye kipande kimoja. Hakuna barua ya wakati ule inayonionyesha mvutano huo vizuri kuliko hii sarafu. Nasema hivyo nikijua kuna barua nyingi.

Upande wa pili ni San Gennaro, mlinzi wa mji. Maneno yanamwomba: tutawale na utulinde. Mahali ambapo sarafu za kawaida zingekuwa na sura ya Felipe IV, mfalme wa Hispania, hapa yupo askofu aliyekufa zaidi ya miaka 1300 nyuma.

Mambo matatu ya kunitazamia, ukipata mwanga wa dirishani, si wa taa:

Uso ulio wazi, kando ya ngao, una vitundu vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa, au ni laini wenye mistari myembamba inayotoka katikati kwenda nje? Vitundu ni dalili ya kitu kilichosubiwa kwenye kalibu. Sarafu hizi hazikusubiwa, ziligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili ya chuma, na fedha ikipigwa hukimbilia nje, inaacha mistari.

Pale ukingo ulipoliwa, rangi ya mkato ni sawa na rangi ya uso, au inang'aa zaidi?

Na kuna vijiherufi vidogo karibu na ngao au karibu na mtakatifu, mbali na maandishi makubwa?

Uzito pia. Tumia mizani ya vito, si ya jikoni.

Kijana_wa_Zama

Shikamoo mzee Sonara. Kwa hiyo hii ndiyo sarafu ya Masaniello? Nimewahi kuiona mtandaoni inauzwa kwa jina hilo. Yule mvuvi aliyeongoza watu dhidi ya kodi.

Sonara_Mstaafu

Marahaba kijana. Wauzaji wanapenda kuiita hivyo kwa kuwa jina la Masaniello linauza. Lakini Masaniello hakuishika hii. Aliuawa tarehe 16 Julai 1647, jamhuri yenyewe ikatangazwa miezi mitatu baadaye, na mwaka ulioandikwa ni 1648. Hakuwahi hata kutaka jamhuri. Watu wake walikuwa wanapiga kelele za "aishi mfalme wa Hispania, ife serikali mbovu". Walidhani mfalme akijua yanayofanywa kwa jina lake atawatetea.

Ila ulivyomtaja umenikumbusha la Signora. Mwezi wa saba. Uasi ulianza tarehe 7 Julai, Jumapili, na Masaniello akafa tarehe 16, sikukuu ya Bikira Maria wa Karmeli. Siku kumi. Mimi naamini mzee alikuwa anaiweka mezani kwa ajili ya siku zile. Sarafu ya Masaniello haipo, kwa hiyo mtu wa Napoli anayempenda hana cha kushika isipokuwa hii, iliyozaliwa na kile alichokianzisha. Dada, mwulize Signora kama ilikuwa katikati ya mwezi. Sitashangaa akikubali.

Na kwa kuwa tumefika hapo, ngoja nieleze chanzo, maana bila hicho ngao ile haina maana.

Hispania ilikuwa kwenye vita kila upande kwa miaka mingi, na Napoli ndiyo iliyokamuliwa. Kila makamu wa mfalme alikuja na deni la kukusanya. Walichokuwa wanafanya ni kuuza haki ya kutoza ushuru kwa matajiri: tajiri anatoa pesa taslimu leo, halafu yeye na warithi wake wanakula ushuru wa unga, wa mafuta, wa samaki, wa hariri, miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo ushuru ukishawekwa hauondoki hata vita ikiisha, kwa sababu umeshakuwa mali ya mtu. Januari 1647 makamu wa mfalme, Duka wa Arcos, akaongeza ushuru wa matunda. Kwa maskini wa Napoli matunda ndiyo yalikuwa chakula cha majira ya joto, si kitu cha kumalizia mlo. Tini, matikiti, zabibu.

Tarehe 7 Julai, Piazza del Mercato, tini za kwanza zikafika kutoka Pozzuoli. Wauzaji wakasema ushuru walipe wakulima, wakulima wakasema walipe wauzaji. Ofisa akaamua dhidi ya wakulima. Mmoja akamwaga tini zake chini, watoto wakazigombania, na baada ya hapo zilikuwa zinarushwa kumlenga ofisa. Masaniello, mvuvi wa miaka 27 aliyekua palepale sokoni, alikuwa na vijana wake tayari. Jioni vibanda vya ushuru vilikuwa vinawaka moto.

Ndani ya wiki moja mtu aliyekuwa anatembea bila viatu alivalishwa suti ya nyuzi za fedha, akaenda nayo kanisa kuu ambako makamu wa mfalme aliapa kuheshimu mapatano. Siku tatu baadaye walimwua kwenye nyumba ya watawa wa Carmine, kichwa kikatolewa kwa makamu wa mfalme. Kesho yake watu wakaamka wakakuta mkate umepunguzwa uzito. Wakaenda kuutafuta mwili, wakaushona kichwa, wakamzika kwa maandamano ambayo mji haukuwa umeyaona. Kupunguza mkate siku ya pili! Kila nikifika hapo nashindwa kuelewa waliwaona watu kuwa ni nini.

Oktoba akaja Don Juan wa Austria, mtoto wa nje wa Felipe IV, kijana wa miaka 18, na meli za kivita, akaupiga mji kwa mizinga. Hapo ndipo "aishi mfalme" ilipokoma. Kiongozi wa watu wakati huo alikuwa Gennaro Annese, fundi wa bunduki, aliyejifungia kwenye ngome ya Carmine. Jamhuri ikatangazwa. Na jamhuri ikahitaji pesa yake.

Walitoa na za shaba pia, mwaka huohuo, na mojawapo nawaomba muitafute picha yake: grano moja yenye kikapu cha matunda, na juu yake maneno HINC LIBERTAS, uhuru umetoka hapa. Waliuchonga ushuru wa matunda kwenye pesa ya kununulia matunda. Nyingine ndogo zaidi ina kichala cha zabibu. Hizo zilikuwa za sokoni, za mtu wa kawaida. Ile ya fedha ilikuwa ya kumlipa askari na kumtuliza mfanyabiashara. Guise kuwekewa jina lake kuzunguka ngao, hilo pekee lingetosha kumfanya Annese anune, na kweli wawili hao walichukiana hadi mwisho.

MwalimuWaHistoria

Mzee Sonara umeeleza vizuri, ila nina hoja. Kuiita jamhuri ni kuikweza. Ilikuwa ni mji ulioasi, ukajitafutia bwana mwingine. Waliondoa mfalme wa Hispania wakamkaribisha mtoto wa ukoo wa kifalme wa Ufaransa. Sarafu yenye jina la duka si sarafu ya watu.

Sonara_Mstaafu

Mwalimu, nakubali kwamba Guise alitaka kiti cha enzi. Sikubali kwamba hilo linazifuta herufi nne zilizo katikati. Venisi nayo ilikuwa jamhuri na sarafu zake zilikuwa na jina la doge, mkuu wao wa kuchaguliwa. Genova vilevile ilikuwa na doge. Mtu wa Napoli wa 1648 akisema jamhuri alikuwa anaziwaza hizo, na Uholanzi, ambayo Hispania ilikubali kuwa ni nchi huru mwaka huohuo wa 1648, baada ya vita ya miaka themanini. Uholanzi nayo ilianza kwa kutafuta mkuu wa kigeni, wakamleta Duka wa Anjou, na yeye Mfaransa. Ikashindikana naye, wakaendelea bila yeye. Napoli hawakupewa muda wa kuendelea bila Guise.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili Guise alikuwa ametoka na askari wake kwenda kukishambulia kisiwa kidogo cha Nisida. Don Juan na makamu mpya wa mfalme, Conde wa Oñate, wakaingia mjini, karibu bila kupigana. Watu walikuwa wamechoka na njaa, nani atawalaumu. Guise akakimbia, akakamatwa karibu na Capua, akakaa kifungoni Hispania hadi 1652. Annese alikatwa kichwa mwezi wa Juni. Tofauti ya duka na fundi bunduki iko hapo, Mwalimu: mmoja alirudi Ufaransa akawa mtu mkubwa wa ikulu, akajaribu tena Napoli mwaka 1654 na kushindwa, akafa kitandani 1664.

DadaWaForcella

Wakuu mmenifanya nimsomee Signora uzi huu mpaka usiku, namtafsiria kipande kwa kipande. Amelia kidogo. Anasema ndiyo, ilikuwa mkesha wa siku ya Bikira wa Karmeli, kwa sababu walikuwa wanakwenda kwanza kutazama fataki za mnara wa Carmine, ndipo wanakula. Mzee Sonara, Mungu akubariki.

Majibu ya maswali. Hakuna vitundu. Kuna mistari midogo sana, hasa kando ya herufi, inaelekea nje. Mkato wa ukingo ni mweusi uleule kama uso. Na kuna vijiherufi, nasoma G na A, na chini yake kama C.

Mizani ya vito sina, nitaazima.

Signora ana maswali yake: kwa nini imekatwa? Ni adimu kweli? Na anaogopa sheria. Mkwe wake amemwambia sarafu za kale ni za serikali na watakuja kumnyang'anya.

Sonara_Mstaafu

Mpe Signora heshima zangu.

Mistari inayokimbia nje, mkato wenye rangi moja na uso: hadi hapo nimeridhika kuliko nilivyotarajia. Na vijiherufi ndivyo nilivyokuwa navingoja. GAC ni Giovanni Andrea Cavo, mkuu wa kiwanda cha sarafu. Herufi hizohizo ziko kwenye sarafu za Felipe IV. Mtu yuleyule! Aliyegonga kichwa cha mfalme ndiye aliyegonga ngao ya walioasi. Mafundi wale walibaki kazini, mihuri tu ndiyo iliyobadilika. Nikishika hizi sarafu namfikiria yeye kuliko Guise, maana mimi nami ni mtu wa nyundo. Alijua vizuri kwamba Wahispania wakirudi herufi zake zinasomeka.

Kuhusu mkato. Sarafu ya nyundo haina ukingo wa alama, kwa hiyo kila anayeishika anaweza kukata kijisehemu chembamba, akaipitisha kwa thamani yake ileile, akabaki na unga wa fedha. Napoli hiyo ilikuwa balaa. Kulikuwa na sarafu ya nusu karlini, zannetta, iliyokatwa hadi watu wakagoma kuipokea, na mwaka 1622 Kardinali Zapata, makamu wa mfalme, alipoiondoa ghafla, maskini waliokuwa nayo wakabaki na vipande visivyonunua mkate, na barabarani pakachafuka. Ya kwako imekatwa na mtu aliyeishi wakati wa kuitumia. Tunajua kwa rangi. Mkato wa juzi ungekuwa mweupe. Mimi mkato huo siuhesabu kuwa kilema. Unaniambia kwamba baada ya jamhuri kufa, mtu aliendelea kuikubali kwa fedha iliyomo.

Uadimu: ni adimu, na zilizosalia nyingi zimechakaa au zimekatwa zaidi ya hiyo. Ziligongwa kwa muda mfupi, Wahispania wakarudi, na hata zilizoponea wakati huo zilikuja kupambana na moto wa pili, pale Marchese del Carpio, makamu wa mfalme kati ya 1683 na 1687, alipoandaa pesa mpya ya Napoli yenye ukingo uliotengenezwa kwa mashine, na fedha ya zamani iliyokatwakatwa ikakusanywa na kuyeyushwa. Sarafu ya 1648 iliyonusurika kote huko ilikuwa imefichwa au imesahaulika.

Bei sitaji. Asiyeishika mkononi akikutajia bei, mkimbie.

Sheria: mkwe amechanganya mambo mawili. Kinachotoka ardhini Italia ni cha dola, hata ukikichimbua kwenye shamba lako mwenyewe, na anayekiokota na kutoa taarifa anaweza kupata tuzo. Mkusanyo wa familia ulionunuliwa kihalali ni jambo jingine, kumiliki si kosa. Ila Sheria Na. 42 ya 2004 inahesabu sarafu adimu au zenye thamani ya kihistoria miongoni mwa vitu vya urithi wa utamaduni, na kuitoa nje ya Italia kunataka karatasi kutoka ofisi ya usafirishaji ya Wizara ya Utamaduni. Kwa hiyo kama kuna mjukuu anaishi nje, asiiweke mfukoni akapanda ndege. Tafuteni kwenye droo risiti, barua, katalogi za mnada zenye alama ya kalamu. Wakusanyaji wa rika la mzee walitunza hivyo vitu. Karatasi hizo zina uzito karibu sawa na sarafu.

Na Signora akitaka kuthibitisha, kwenye jumba la makumbusho ya akiolojia la hapo Napoli kuna idara kubwa ya sarafu. Pia kuna orodha ya sarafu za Italia aliyoisimamia Mfalme Vittorio Emanuele III, majuzuu 20, kuanzia 1910 hadi 1943, na mawili ya mwisho ni ya Napoli. Yeye mwenyewe alizaliwa Napoli. Maktaba kubwa zinayo. Linganisheni maandishi herufi kwa herufi, maana mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja na vifupisho vinatofautiana.

Isipigwe picha ikiwa imeshikwa katikati. Shika ukingoni, vidole viwe vikavu.

Kijana_wa_Zama

Mzee swali la mwisho. Walikuwa na watakatifu wengi na Bikira wa Karmeli ndiye wa soko lao. Kwa nini San Gennaro? Ni kwa sababu ya jina la Gennaro Annese?

Sonara_Mstaafu

Hapana, Annese alipewa jina hilo kama nusu ya wanaume wa Napoli. San Gennaro ndiye wa mji mzima, na mwaka 1648 kila mtu mzima alikuwa na sababu yake ya kumkumbuka. Desemba 1631 Vesuvius ililipuka, ikaua maelfu ya watu upande wa pili wa ghuba, majivu yakafunika mchana. Napoli walitoa masalia ya San Gennaro kwa maandamano hadi mlango wa mji, na lava haikufika. Miaka michache tu baadaye wakaanza kumjengea mnara kando ya kanisa kuu, kazi ya Cosimo Fanzago, upo hadi leo. Kwa hiyo watu walioamuru ile sarafu walikuwa wameiona ile siku kwa macho yao. Walikuwa wamezungukwa tena, safari hii kwa mizinga, wakamwomba yuleyule.

Dada, ukitaka kuelewa zaidi nenda kanisa kuu tarehe 16 Desemba, ni moja ya siku tatu za mwaka wanazoitoa damu yake iliyohifadhiwa, na hiyo ya Desemba ni kwa ajili ya mlipuko ule wa 1631. Nenda asubuhi. Na usisahau mizani, bado nasubiri uzito.